Re: Ni kweli Gerard de Ridefort ndo aliiponza Yerusalemu?

Mkuu, kwa swali lako kama Gerard, kiongozi wa Watempla (watawa wapiganaji wa Kikristo wa enzi za Vita vya Msalaba), anaonewa kwa kulaumiwa kwamba ndo aliiponza Yerusalemu, mi naona lawama nyingi zinamstahili. Jamaa alitoka Ulaya akamtumikia Raymond, mtawala wa Tripoli (Lebanon ya leo), inasimuliwa aliahidiwa mke mwenye urithi halafu binti akaozwa mfanyabiashara wa Pisa, basi kinyongo hakikuisha. Akaingia utawani kwa Watempla, kufika 1185 ndo kiongozi wao.

Sasa tarehe 1 Mei 1187 pale chemchemi ya Cresson, karibu na Nazareti, akavamia jeshi kubwa la sultani Salahuddin akiwa na wapanda farasi mia na kitu tu, wenzake walimshauri warudi akakataa, karibu wote wakafa yeye akatoka hai. Miezi 2 baadae akamshawishi Guy, mfalme wa Yerusalemu, aache kambi yenye maji kwenye chemchemi za Saffuriya, wakatembea na kiu kwenye jua la Julai hadi Hattin, wakamalizwa na Salahuddin, Yerusalemu ikakosa jeshi la kuilinda.

Kinachoniuma zaidi, Watempla waliotekwa walichinjwa ila yeye akaachwa, akaja kuachiwa kwa kuwaamuru watu wake wasalimishe Gaza. Aliuawa kwenye vita vya kuugombea mji wa Akka, Oktoba 1189. Woga hakuwa nao kabisa, tatizo lake alikuwa hashauriki.