Kabla hujanunua unga wa kusafisha utumbo, lisha kwanza bakteria wako

Matangazo ya unga wa kusafisha utumbo yamejaa WhatsApp, eti ukinywa ugonjwa wa sukari unaisha kabisa na metformini, kidonge cha sukari, unatupa. Mimi naishi na sukari aina ya pili, kliniki nahudhuria hapa Moshi, na hii habari ya bakteria wa tumboni nimeifuatilia sana maana ni ya kweli na ina uzito, ndo maana inaniuma nikiona inatumika kuwalia wagonjwa hela zao.

Iko hivi. Tumboni, hasa kwenye utumbo mpana, kuna bakteria kama trilioni 38, na chakula chao ni kile ambacho sisi wenyewe tumeshindwa kusaga, yaani nyuzinyuzi za maharage, za pumba ya mahindi, za mboga za majani. Wakishazichachusha wanatoa asidi fulani, moja inaitwa butireti, na hiyo butireti ndo inalisha seli za ukuta wa utumbo. Ukuta ukilishwa unakaa imara, usipolishwa mabaki ya bakteria yanapenya kuingia kwenye damu, kinga ya mwili inabaki imechokozwa muda wote, na hapo misuli na ini vinaacha kuitikia vizuri insulini, ile homoni ya kushusha sukari kwenye damu, kwa hiyo kongosho linalazimika kutoa nyingi zaidi hadi linachoka. Halafu asidi hizohizo zinaamsha utumbo utoe homoni ya GLP-1, ambayo inasaidia insulini itoke baada ya kula na inapunguza njaa. Zile sindano za sukari za Ozempic zinazosemwa sana siku hizi zinaiga homoni hiyohiyo!

Mwaka 2012 watafiti wa Amsterdam walichukua kinyesi cha watu wembamba wenye afya wakawawekea tumboni wanaume wanene ambao miili yao ilikuwa haisikii insulini vizuri, na baada ya wiki 6 ikaanza kuisikia vizuri zaidi. Ila kwenye utafiti uliofuata, 2017, ilipofika wiki ya 18 ile faida haikuonekana tena. Mimi hapo napata jibu la kuwapa hao wanaouza unga wa kusafisha utumbo: hata ukipewa bakteria wazuri, kama hujabadilisha unachowalisha hawadumu.

Na hapa kwetu Kilimanjaro kuna utafiti ambao natamani kila mtu aujue, ulitoka 2025, umefanywa na watu wa hospitali ya KCMC ya hapa Moshi pamoja na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya, waliozoea chakula cha kijijini wakapewa cha mjini kwa wiki mbili tu, soseji, mkate mweupe, chipsi, na wa mjini wengine wakapewa chakula cha asili, ndizi, maharage, mboga za majani, ulezi. Waliohamia chakula cha mjini damu yao ikaonyesha dalili za kinga kuchokozeka, waliohamia cha asili zikapungua, na wiki nne baadaye baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo. Hawakuwa wagonjwa wa sukari, hilo tuelewane, lakini wiki mbili jamani!

Sasa mimi nafanyaje. Sembe nimeacha, nakula dona, yaani unga usiokobolewa, ila dona nayo inapandisha sukari ukijaza sahani, kwa hiyo ugali unakuwa kidogo halafu mboga na maharage ndo vinakuwa vingi. WHO wanasema mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kinakupa karibu nusu ya hapo, sasa kuna unga gani wa dukani utashindana na maharage kwa bei? Tunda nalitafuna, juisi hapana. Anza taratibu lakini, ukikurupuka na bakuli la kunde wakati tumbo halijazoea utajaa gesi mpaka uchukie, loweka usiku kucha, maji ya kulowekea yamwage, ongeza kidogokidogo na maji ya kunywa uongeze. Mtindi nakunywa ule usio na sukari. Togwa ni nzuri ila ina wanga na watu wengine wanaitia sukari, onja kwanza. Mbege, ile ya ndizi na ulezi, hata kama imechachushwa ina pombe, na pombe na dawa za sukari haviendani, mimi naiacha.

Wali au viazi vikishapoa sehemu ya wanga wake inakuwa ngumu kusagika inawafikia bakteria, kwa hiyo kiporo kina afadhali kidogo, kidogo nasema, na kiweke kwenye friji sio mezani mpaka asubuhi.

Pima sukari. Kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, andika kwenye daftari. Waisraeli mwaka 2015 walifuatilia watu 800 wakaona chakula kilekile kinampandisha huyu sukari na mwenzake wala, na bakteria wa tumboni walikuwa sehemu ya sababu, kwa hiyo usichukue viazi vya jirani yako kama kipimo chako.

Metformini usiiache. Yenyewe inabadilisha bakteria wa tumboni na inaonekana sehemu ya kazi yake inapitia huko. Ikikuharisha inywe pamoja na chakula, ikizidi mwambie daktari kuna ya kuyeyuka polepole. Na antibayotiki za kununua tu duka la dawa kila ukipata mafua tuache, mafua ni virusi, antibayotiki haziwagusi, wanaokufa ni hao bakteria unaowalisha dona na maharage. Ukiandikiwa na daktari kwa ugonjwa wa kweli maliza dozi.

Kama unachoma insulini au unameza glibenklamaidi, kidonge kingine cha kushusha sukari, usipunguze ugali ghafla kabla hujaongea na kliniki yako, maana dozi ilipangwa kwa ulaji wa zamani na sukari inaweza kushuka ukiwa umelala, na sukari ya kushuka inaua haraka kuliko ya kupanda.