Maswali na majibu: Kima cha chini, na tarehe ambayo hakuna anayeiuliza

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kima cha chini cha mshahara. Sishangai, mjadala huu ukiwashwa bungeni, hata asiyelipwa kima hicho hujikuta ana msimamo. Nimechagua maswali machache. Wale mlioniuliza "kwa sasa ni kiasi gani?" someni tangazo la wizara yenu ya kazi. Safu hii si ubao wa matangazo, na nimeshalisema hilo.

Kupandisha kima cha chini kunaua ajira au hakuui? Nataka jibu moja tu.

Swali hili linaongoza kwa kurudiwa, na mara nyingi anayeuliza ana jibu lake tayari, anatafuta shahidi. Jibu moja halipo kwa sababu swali lenyewe halina kiasi. Kima kipandishwe kutoka kiasi gani hadi kiasi gani? Kwa muda gani? Na wafanyakazi wa kawaida katika uchumi huo wanalipwaje?

Kwa miaka mingi wanafunzi wa uchumi walifundishwa kwamba bei ya kazi ikipanda, waajiri watanunua kazi kidogo, basi. Kisha Aprili 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, likapandisha kima chake kutoka dola 4.25 kwa saa hadi 5.05, huku jirani yake Pennsylvania akibaki palepale. Wachumi David Card na Alan Krueger walihoji migahawa 410 ya vyakula vya haraka katika majimbo hayo mawili, kabla na baada. Mwaka 1994 wakachapisha walichokiona: ajira New Jersey haikupungua ikilinganishwa na kwa jirani. Walishambuliwa vikali. David Neumark na William Wascher wakairudia kazi ile kwa rekodi za malipo badala ya mahojiano, wakapata picha tofauti. Card alipewa Nobel ya uchumi mwaka 2021, Krueger akiwa ameshafariki, na wachumi bado wanabishana.

Inawezekanaje mshahara upande na kazi zisipotee? Mwajiri ambaye wafanyakazi wake hawana pa kwenda huwalipa chini ya thamani wanayomzalishia. Ukimlazimisha apandishe, anapunguza faida, hafungi milango. Pia watu huacha kuhamahama kazi, na gharama ya kufundisha wafanyakazi wapya kila baada ya miezi michache hushuka. Lakini nafasi hiyo ina mwisho. Ukiivuka, biashara zenye faida nyembamba huanza kukata saa za kazi, halafu watu.

Mwaka 2019 Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilipima pendekezo la kufikisha kima cha taifa dola 15 ifikapo 2025. Ilikadiria kwamba wafanyakazi milioni 17 waliokuwa chini ya kiwango hicho wangeongezewa, watu milioni 1.3 wangetoka kwenye umaskini, na wengine milioni 1.3 wangepoteza kazi, ingawa hao wa mwisho wangeweza kuwa karibu na sifuri au kufikia milioni 3.7. Wanaounga mkono hunukuu sentensi ya umaskini. Wanaopinga hunukuu ya ajira. Ripoti ni ileile. Mwanasiasa akikusomea nusu yake, mwombe asome na nusu ya pili.

Mbona kima hupandishwa uchaguzi ukikaribia?

Kwa sababu mmekubali kipandishwe kwa tangazo. Kitu kinachotolewa kwa hisani hutolewa siku ambayo mtoaji anahitaji makofi.

Hapa ndipo wasomaji wangu wa siku nyingi watasema "ameanza tena", na kweli naanza tena. Ugomvi wote huwa juu ya kiasi: kumi, kumi na mbili, kumi na tano. Hakuna anayeuliza kitapandishwa tena lini, na nani, kwa kanuni gani. Chukua mshahara wa 100. Bei zikipanda asilimia 5 kila mwaka na mshahara usiguswe, baada ya miaka mitano unanunua vitu vya 78. Baada ya kumi, vya 61. Hakuna mbunge aliyepiga kura kuupunguza, wala hakuna atakayeulizwa jimboni kwake kwa nini ameupunguza. Kima cha taifa cha Marekani ni dola 7.25 kwa saa tangu tarehe 24 Julai 2009. Wapinzani wa nyongeza hawakuhitaji kushinda hoja yoyote, ilitosha kuchelewesha. Majimbo mengi yameweka vima vyao vya juu zaidi, lakini katika majimbo yasiyofanya hivyo mfanyakazi amebaki na ileile 7.25.

Ufaransa wamelifunga jambo hili kwenye sheria. Kima chao, SMIC, kilichoanza 1970, hurekebishwa kila Januari mosi, na katikati ya mwaka pia endapo bei zimepanda kwa asilimia 2 tangu marekebisho ya mwisho. Serikali inaweza kuongeza juu ya hapo ikitaka sifa, lakini haiwezi kusahau. Uingereza wana tume iliyoundwa 1997, ndani yake watu wa upande wa waajiri, wa vyama vya wafanyakazi na wasomi, inayopendekeza kiwango. Chama cha Conservative kilipinga kima cha taifa kilipokuwa kinatungwa; mwaka 2015 waziri wa fedha wa chama hichohicho, George Osborne, alisimama bungeni kutangaza kiwango kipya cha juu zaidi kwa wenye umri wa miaka 25 na kuendelea. Siasa hugeuka kitu kikishazoeleka.

Tume nayo si dawa peke yake. Ujerumani walianza na euro 8.50 mwaka 2015 wakiwa na tume yao, lakini euro 12 zikageuka ahadi ya kampeni za 2021, na Oktoba 2022 kiwango hicho kikaanza kutumika kwa sheria ya bunge iliyoiruka tume. Wafanyakazi walishangilia, na sina kinyongo nao. Ila serikali inayoweza kuiruka tume kwenda juu inaweza kuiruka kwenda chini.

Kwa hiyo mgombea akikutajia kiasi kikubwa, muulize tarehe ya marekebisho yanayofuata. Akikosa jibu, hesabu ya 78 na 61 unayo.

Kwa nini tusikipandishe mara kumi kwa mpigo, umaskini uishe?

Kwa sababu gazeti la serikali linalotangaza viwango halilipi mishahara. Tuendelee.

Bei zitapanda?

Baadhi, na kwa kawaida kidogo, hasa kwenye huduma zinazotegemea mikono ya watu wengi. Mshahara usipopanda bei hupanda vilevile, na sijawahi kupata barua ya kuulizia hilo.

Tuseme tunakubaliana kwamba kima kipandishwe. Kiwe kiasi gani hasa?

Usianze na tarakimu inayopendeza mdomoni. Wapange wafanyakazi wote wa nchi kwa mshahara, mdogo hadi mkubwa, kisha mtazame aliyesimama katikati kabisa. Kima cha chini kiwe asilimia ngapi ya mshahara wa huyo? Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2022 linataja asilimia 60 ya mshahara wa mtu wa katikati, au asilimia 50 ya wastani, kama vipimo ambavyo nchi zinaweza kuvitumia. Si lazima. Lakini kipimo cha aina hiyo kina faida moja: mjadala unahama kutoka "ongeza, usiongeze" kwenda kwenye kitu kinachoweza kuhesabiwa.

Kuna tatizo ambalo kipimo hiki hakilimalizi. Nchi ambayo mishahara ya mji mkuu ni mara mbili ya ile ya vijijini, kima kimoja kitakuwa mzaha mahali pamoja na mzigo mahali pengine. Na mahali ambapo wengi wanafanya kazi zisizo na mkataba, huyo mtu wa katikati huenda hata hayumo kwenye takwimu.

Halafu kuna jambo ambalo hamkuniuliza. Chunguza ni malipo gani mengine yamefungwa kwenye kima hicho. Katiba ya Brazil ya 1988 inakataza pensheni kuwa chini ya kima cha chini, kwa hiyo kila nyongeza inagusa hazina ya taifa moja kwa moja. Sioni ubaya wa kuwalinda wazee namna hiyo. Ninachosema ni kwamba ukimsikia waziri wa fedha anapinga nyongeza kwa kuwaonea huruma wafanyabiashara wadogo, angalia kwanza kama anayemwonea huruma si yeye mwenyewe.

Sweden na Denmark hazina kima cha chini kwenye sheria na wafanyakazi wao wanaishi vizuri. Si ushahidi kwamba hakihitajiki?

Umesoma kichwa cha habari ukaacha habari. Nchi hizo hazina kima cha sheria kwa sababu vyama vya wafanyakazi hukaa mezani na waajiri, sekta kwa sekta, na mikataba yao inawafunika wafanyakazi walio wengi. Mwajiri anayekataa kusaini anaweza kugomewa hadi na wafanyakazi wa sekta nyingine. Vyama vyenyewe ndivyo vimekuwa vikiogopa sheria, visije vikanyang'anywa kazi yao. Anayetaka kuiga afute kima cha sheria siku ambayo vyama vimefikia nguvu hiyo. Kufuta kwanza na kungoja vyama vikue baadaye ni hadithi wanayoipenda waajiri, na wana sababu.

Mwajiri wangu ametangaza kwamba amepandisha mshahara kama sheria inavyotaka. Mwisho wa mwezi napokea kilekile. Inakuwaje?

Hatimaye swali lililotoka kazini, si kwenye kijiwe cha wabishi.

Chukua hati zako mbili za mshahara, ya kabla na ya baada, ziweke sambamba. Usianze na jumla ya chini, anza na mstari wa saa. Tuseme zamani ulilipwa 20 kwa saa, kwa saa 45: jumla 900. Sasa kiwango ni 24, tena kimeandikwa kwa herufi nzito ili kila mtu akione, lakini saa zimekuwa 38. Hiyo ni 912. Shuka kwenye makato: kuna mstari mpya, "sare", 12. Umerudi kwenye 900. Na kazi je? Kama ni ileile ya saa 45, unaifanya kwa kukimbia, au unabaki baada ya zamu bila kuandikwa. Ukibaki bila kuandikwa, gawanya 900 kwa 45 uone kiwango chako halisi ni kipi. Ni 20.

Njia nyingine ni kuingiza posho ndani ya mshahara wa msingi, ili kilichokuwa nyongeza kihesabiwe kuwa sehemu ya kima. Mbaya kuliko zote ni kukubadilisha jina: jana mwajiriwa, leo "mkandarasi" anayetoa huduma, na mkandarasi halindwi na kima cha chini. Usisaini karatasi ya namna hiyo papo hapo, hata ukiambiwa wenzako wote wameshasaini.

Kuanzia leo andika saa zako kwenye daftari lako mwenyewe: umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi, kila siku. Weka nakala za hati za mshahara nje ya ofisi. Nendeni kwenye chama au kwa mkaguzi wa kazi mkiwa wengi, maana anayekwenda peke yake hutambulika haraka. Na wabunge wanaojisifu kwa nyongeza waulizwe wameajiri wakaguzi wangapi wapya. Uingereza imekuwa ikichapisha hadharani majina ya waajiri waliolipa chini ya kima. Ni hatua ndogo, na waajiri wanaichukia, jambo linalonitosha kuamini kwamba inafanya kazi.

Nimejiajiri. Nyongeza itanihusu?

Hapana, labda uwe umemwajiri mtu, na hapo itakuhusu kuliko unavyopenda.

Bakshishi ihesabiwe kama sehemu ya mshahara?

Isihesabiwe. Sheria ya taifa Marekani inaruhusu mfanyakazi anayepokea bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiasi ambacho hakijaguswa tangu 1991. Mwajiri anatakiwa kufidia endapo bakshishi haitoshi kufikia kima cha kawaida, na hapo unamtegemea yeye aweke hesabu dhidi yake mwenyewe. Angalieni tena mwaka: 1991.

Nina wafanyakazi wanne. Mnatuongelea waajiri kana kwamba sote ni matajiri. Nyongeza itanifunga.

Inawezekana, na sitakubembeleza kwa takwimu za wengine. Ila jiulize kinachokuumiza ni kiasi au ni kushtukizwa. Asilimia 4 au 5 kila mwaka, tarehe inayojulikana, unaipangia: unarekebisha bei, unasukuma deni, unaacha kuajiri wa tano. Asilimia 35 kwa tangazo la jukwaani baada ya miaka sita ya ukimya ndiyo inayofunga biashara. Halafu vyama vya waajiri vinapigania nini kila mwaka? Kuahirisha. Wanaokusemea ndio wanaokuandalia mshtuko huo.

Mbunge wetu ameahidi muswada wa kima kipya kikao kijacho. Tumwamini?

Ahadi na kura havikai nyumba moja. Julai 2019 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa dola 15. Seneti haikuupigia kura. Machi 2021, chama kilichoahidi dola hizo kikiwa kimeshika Ikulu na mabaraza yote mawili, pendekezo hilo lilianguka Seneti kwa kura 42 dhidi ya 58, na wanane kati ya waliosema hapana walikuwa wa kambi ya chama hichohicho.

Mwombe mbunge nakala ya muswada, si hotuba. Ruka kifungu chenye kiasi. Tafuta kifungu cha marekebisho na uone kama kina tarehe au kinasema "waziri anaweza". Tafuta nani ameachwa nje: wafanyakazi wa nyumbani, wa mashambani, vibarua wa siku. Tafuta adhabu, ulinganishe na anachookoa mwajiri kwa kutolipa. Ukikuta "waziri anaweza", mwandikie kabla ya muswada kusomwa mara ya pili bungeni, na mimi nitumie nakala.