Kabla hujanunua mbegu za pilipili, onja maji ya kisima chako

Mkuu, acha kwanza. Umeandika maelezo marefu ukiuliza mbegu za pilipili zenye utamu na harufu ya matunda, zinaota baada ya siku ngapi, ndoo au chungu, halafu mwishoni ukatupia "maji si tatizo, nina kisima hapa hapa Mbweni". Hapo moyo ukanipiga paa. Maneno hayo hayo niliyasema mimi miaka miwili iliyopita, yakanila laki 3 na elfu 8, na miezi saba ya kuamka alfajiri.

Nakaa Kunduchi, pwani hii hii ya Dar kama wewe. Nilikuwa na ndoo 20 za rangi, nimezitoboa chini. Udongo mweusi nilinunua, samadi nikanunua, na mbegu za habanero ya njano, ile pilipili kali yenye harufu, nikaagiza kwa bei ambayo mama watoto mpaka leo hajaambiwa. Zikaota vizuri mno. Kwenye trei miche ni midogo, nilikuwa naimwagilia kwa kikombe, maji ya dumu lile la kunywa. Nilipohamishia kwenye ndoo nikaona dumu ni gharama, nikavuta mpira wa kisima. Nikajiona mjanja.

Wiki ya tatu kingo za majani ya chini zikaanza kukauka, rangi ya kahawia, kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa. Juu ya udongo kukatokea ukoko mweupe, nikadhani ukungu. Mchana miche inanyong'onyea wakati udongo umelowa chepechepe. Maua yakija yanapukutika.

Nikampigia picha jamaa mmoja wa kundi la WhatsApp, anajiita bwana shamba. Akanitumia sauti ya dakika nne: "Upungufu wa lishe huo kaka, ongeza mbolea." Nikaongeza, majani yakaungua zaidi. "Basi weka busta." Na busta, hiyo dawa ya kukuzia mimea, anaiuza yeye, elfu 25 chupa. Nikanunua tatu! Hakuniuliza hata siku moja namwagilia maji gani. Sasa ujue mbolea ya dukani nayo ni chumvi chumvi tu, kwa hiyo tulikuwa kama watu wenye mgonjwa wa presha, kila akizidiwa tunamkolezea mchuzi. Namba yake nimeifuta. Ningekuwa nayo ningemtumia ndoo moja kwa bodaboda, alipie mwenyewe.

Aliyenifumbua macho ni mama yangu mzazi, alipokuja kututembelea kutoka Muheza. Asubuhi kachota maji ya kisima anawe uso, yakamwingia mdomoni, akatema pwaa. "Mwanangu, haya ndiyo unayomwagilia yale mapilipili yako? Si bahari hii?" Nikacheka. Halafu nikanyamaza. Nyumba nzima tulikuwa tunajua! Maji ya kunywa na ya chai tunanunua, sabuni ya mche haitoi povu, koki za bafuni zina utando mweupe, maharage tukiyapikia maji yale mkaa unaisha hayajaiva. Mimi na elimu yangu yote ndiye niliyeamua kwamba pilipili haina ulimi.

Na kilichonidanganya zaidi ni mchicha. Mchicha wangu ulikuwa unadunda tu kwa maji yale yale. Pilipili si mchicha, mkuu. Chumvi ikijaa kwenye udongo, mizizi yake inashindwa kuvuta maji hata yakiwa yamejaa pale. Ndoo ndiyo balaa kabisa: jua la huku linanyonya maji, chumvi inabaki. Kesho unamwaga mengine, jua linanyonya, chumvi inabaki tena. Na mimi nilikuwa namwagilia kidogo kidogo nisije nikaozesha mizizi, kwa hiyo haikupata hata nafasi ya kutokea kwenye yale matundu ya chini. Nilikuwa natengeneza ng'onda wa pilipili.

Masika ndiyo yaliniokoa. Mvua ya Aprili ikapiga wiki nzima, maji yakawa yanapita juu yanatokea chini, na ndoo 6 ambazo nilikuwa sijazimwaga kwa uvivu tu zikatoa majani mapya. Nilivuna pilipili 11. Piga hesabu mwenyewe, ni elfu 28 kila moja. Nilizila na mihogo ya kukaanga huku nimefumba macho, na kwa kweli harufu yake, kama embe lililoiva, sijawahi kuipata tena.

Kwa hiyo onja. Ulimi ukisikia chumvi hata kwa mbali, kwa pilipili hiyo ni nyingi tayari. Usije na habari za kuchemsha, ukichemsha chumvi haiondoki, inazidi kukolea. Kinga maji ya bati kwenye tangi mvua zikinyesha, au tumia ya bomba. Ikibidi kisima, changanya na maji matamu, na kila baada ya siku kadhaa mwaga maji matamu mengi mpaka yachuruzike chini.

Mbegu? Anza na pilipili mbuzi ya sokoni iliyoiva, nyekundu au njano, si ya kijani. Ni jamii moja na habanero, na harufu unayoitafuta iko mle mle. Ukitaka harufu bila moto, tafuta ile ya Venezuela iitwayo ají dulce, hiyo nayo ni ndugu yao. Mtaalamu aliyeipa jamii hiyo jina la kisayansi mwaka 1776 aliiita ya China wakati asili yake ni Amerika, kwa hiyo kukosea kwenye pilipili sikuanza mimi. Kuota ni wiki mbili mpaka nne, usizifukue kuzichungulia.

Mengine uliyouliza nimeshasahau na sirudi juu kusoma. Chota kikombe kimoja sasa hivi, onja, uje utuambie umemeza au umetema.