Kurudi kwenye baiskeli ukiogopa mteremko (jibu refu kwa dada wa Kisumu)

Dada, swali lako ni hili: hujapanda baiskeli miaka kumi na miwili, umenunua ya mtumba, barabara ya kwenda Dunga unaimudu bila shida, lakini ukisimama juu ya kilima cha Riat na kuangalia chini kuelekea Mamboleo unahisi vidole vimekufa ganzi. Wengi wamekujibu kwamba ujiachilie tu, mwili unakumbuka. Mimi nakataa. Kinachokumbukwa ni kusawazisha. Nguvu ya kubana breki, umbali wa kuangalia, uzito uwe wapi, hivyo hupotea usipovitumia, na huko mteremkoni ndiko vinakohitajika. Hofu yako ina sababu, kwa hiyo tuishughulikie sababu.

Anza na breki za baiskeli yenyewe. Linyanyue gurudumu la mbele, lizungushe, kisha bana leva moja (kishikio cha breki kwenye usukani) uone kama linasimama. Baiskeli zilizoundiwa nchi za kuendesha kushoto, kama Uingereza na Japani, kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia. Nyingi za kutoka Ulaya bara na Marekani iko kushoto. Mtumba huja wa kila aina, na mtu aliyejifunza utotoni kwa mkono mmoja akishtuka hubana mkono uleule. Akidhani anabana ya nyuma kumbe ni ya mbele, anaruka juu ya usukani. Kama yako imegeuzwa kinyume na ulivyozoea, mwambie fundi abadilishe waya. Huenda ukahitaji waya mpya, kwa sababu wa zamani ulikatwa kwa urefu wa mahali ulipokuwa.

Raba za breki zilizokaa miaka huwa ngumu na kung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Zikwaruze kwa msasa uone. Mifereji yake ikiwa imeisha, usihangaike nazo, nunua mpya. Zikishafungwa, kila raba ikae milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye rimu na ishike rimu peke yake. Ikigusa tairi italila ubavu, na siku moja litapasuka ukiwa kasi. Bana leva kwa nguvu zako zote: ikifika usukani, waya umelegea au unateleza kwenye skrubu. Kama baiskeli ni Black Mamba, ile nzito ya kizamani, yenye rimu za chuma, jua kwamba zikilowa breki inakaribia kutoshika kabisa mpaka zizunguke mara kadhaa zikauke. Rimu za aluminiamu hupunguza tatizo hilo lakini haziliondoi.

Tairi: pinda ubavu wake kwa kidole gumba. Ukiona nyufa zinazofunguka, badilisha, hata kama meno bado yapo. Upepo usizidi kiwango kilichoandikwa ubavuni. Kwa tairi nene la 26 x 1.95 na mtu wa kilo 65 hivi, psi 40 (psi ni kipimo cha upepo) inatosha. Wauza upepo wa magari wakiachiwa hujaza hadi tairi liwe jiwe, na tairi gumu hurukaruka kwenye changarawe badala ya kushika. Mwisho, funga breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kugonga chini ya usukani, beringi zimelegea, zikazwe kabla ya mteremko wowote.

Kiti kishushe sentimita 2 chini ya kawaida kwa wiki mbili za kwanza. Goti litachoka mapema, ndiyo, lakini mguu ukifika chini kirahisi akili inatulia. Ukishazoea, kirudishe: kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu umenyooka.

Sasa mazoezi. Tafuta uwanja wa shule ambao ni tambarare. Weka chupa ya maji chini, iendee kwa kasi ya mtu anayekimbia polepole, na ukiifikia tu anza kubana. Kwanza breki ya nyuma peke yake, uone gurudumu linavyoburuzika na jinsi unavyoenda mbali. Halafu zote mbili, ya mbele ukiiongeza kidogokidogo kama unavyokamua ndimu, huku ukisukuma makalio nyuma ya kiti, visigino chini, viwiko vimepinda kidogo. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha kwa kweli, kwa sababu uzito huhamia mbele unapopunguza mwendo. Anayeiogopa na kutumia ya nyuma tu ndiye anayeshindwa kusimama Riat. Rudia mara ishirini, pumzika, rudia tena kesho. Kwenye uwanja huohuo, jifunze kugeuza kichwa kuangalia nyuma ya bega la kulia bila usukani kufuata. Bila hilo usiende barabarani.

Baada ya siku nne au tano hivi, chagua kilima kifupi kilichonyooka, kisicho na njia panda chini, na kinachoishia tambarare. Sukuma baiskeli mpaka theluthi moja tu, ushuke mara tano. Kisha nusu. Kisha chote. Pedali ziwe sawa kwa usawa, moja mbele moja nyuma, vidole viwili kwenye kila leva muda wote. Macho yawe mbali, mita 15 au 20 mbele. Ukilikodolea macho shimo, utaliingia: baiskeli hufuata macho. Kwenye kona, punguza mwendo kabla ya kuingia, kisha achia breki, pedali ya upande wa nje chini. Kubana kwa nguvu katikati ya kona yenye changarawe ndiko kunakoangusha watu wengi. Kiganja kikianza kuuma karibu na gumba, siku hiyo imekwisha, hata kama umebakiza mara mbili.

Riat yenyewe nenda asubuhi mapema, Jumapili ikiwezekana. Kisumu mvua hupenda kuja alasiri, na lami iliyolowa baada ya ukavu mrefu ina mafuta na vumbi. Usikae ukingoni kabisa mwa lami. Kingo nyingi zimekatika, na ukiteleza kwenye udongo ulio chini usijaribu kurudi ukienda sambamba na ukingo, gurudumu litashikwa. Simama, nyanyua baiskeli. Kumbuka kwa kilomita 30 kwa saa unapita zaidi ya mita 8 kila sekunde, na ukizidisha kasi mara mbili, breki zinahitaji umbali mara nne. Kwa hiyo usiiache ikimbie kisha uihangaikie. Bana, achia, bana, achia, tangu juu. Ukishika mfululizo, rimu hupata joto kali, na kwenye mteremko mrefu tyubu inaweza kupasuka. Lori likikujia nyuma, toa ishara, simama pembeni mahali palipo wazi, lipite. Hakuna aibu kushuka kwa vituo vitatu au vinne.

Usukani ukianza kutikisika, usiukamate kwa nguvu, mtikisiko utaongezeka. Bana fremu kwa magoti yote mawili, legeza vidole, punguza mwendo taratibu.

Ukifika Mamboleo, usiguse rimu mara moja, zinaunguza. Ngoja dakika tano, kisha angalia raba: zikiwa zimeliwa upande mmoja tu, hazijakaa sawa, na fundi azirekebishe kabla hujapanda tena.