Bando limeisha kabla ya Dodoma

SWALI

Shikamoo mzee. Nafunga hesabu za maduka matatu ya Kariakoo, na tangu mama aanze kuumwa nakwenda Kigoma karibu kila mwezi kwa treni ya reli ya kati, maana basi mgongo wangu hauliwezi. Safari iliyopita niliweka bando la GB 10 la siku moja, nikaunganisha kompyuta mpakato na simu kwa hotispoti. Dodoma hatujafika, bando limekwisha, na cha maana sijafanya. Nikanunua jingine. Tulipoipita Itigi, barua pepe yenye picha za risiti za tajiri wangu ikakwama asilimia tisini, mtandao ukapotea, nikaja kuituma upya Tabora. Je, ninunue modemu? Na laini ipi inashika njia nzima?

Mwanahesabu, Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu, na mama apate nafuu.

Nianze na laini. Hakuna inayoshika njia nzima. Nimefunga minara miaka kumi na moja, mkanda kiunoni na spana mfukoni, na kila tulikokwenda tulipewa karatasi inayoonyesha antena zielekee wapi: kijijini, sokoni, barabara kuu. Reli haikuwamo, labda iwe imepita hapohapo. Ndiyo maana simu yako inasoma vizuri Morogoro na Kilosa, kisha milima ya bonde la Mkondoa inaikata kabla ya Gulwe. Dodoma inarudi, inasuasua hadi Manyoni, na ukishaingia vichaka vya Itigi unaweza kukaa muda mrefu bila mtandao kabisa. Modemu haitakuokoa hapo, nayo inatafuta minara ileile. Faida yake ni kwamba haili chaji ya simu, basi.

Kama simu yako ina nafasi ya laini mbili, weka za kampuni mbili tofauti, na ya pili waulizie watu wanaoishi Kaliua na Uvinza, usimuulize muuza vocha wa Kariakoo. Halafu nunua bando la wiki. Reli hii ina zaidi ya kilomita 1,250. Bando la saa 24 litakufa njiani hata kama hujaligusa.

Sasa, nani alikula GB 10? Naamini ni kompyuta yenyewe. Ikiona Wi-Fi inadhani iko ofisini, inaanza kushusha masasisho ya Windows na kupandisha mafaili yako yote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kabla hujatoka nyumbani, fungua mipangilio ya Windows, sitisha masasisho kwa wiki moja, kisha nenda sehemu ya mtandao na uiambie kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo (kwa Kiingereza imeandikwa “metered connection”). Hapa wengi hukosea: alama hiyo inakaa kwenye mtandao mmoja tu. Ukiiweka kwenye hotispoti ya simu yako, halafu kesho ukaunganisha simu hiyohiyo kwa kebo ya USB, kompyuta inaihesabu kuwa mtandao mwingine, wa waya, na inaanza kula upya. Weka alama pande zote mbili. Programu ya hifadhi ya mtandaoni nayo izime kabisa mpaka ufike.

Hilo la risiti limeniuma, kwa sababu dawa yake ni ndogo. Picha moja ya simu ya siku hizi inafika MB 4. Risiti ishirini ni MB 80, na kwa mtandao wa stesheni unaopandisha megabiti moja kwa sekunde (megabiti nane ndiyo MB moja), hizo ni karibu dakika kumi na moja bila kukatika. Zipunguze kila moja iwe KB 300, maandishi yatasomeka vizuri tu, na zote ishirini zitakuwa MB 6. Hazimalizi dakika moja. Andika barua zako ndani ya programu ya barua pepe badala ya kivinjari, ziache zikisubiri, na zitume treni ikisimama. Majedwali ya mtandaoni yafungulie uwezo wa kufanya kazi bila intaneti ukiwa bado Tabata, uhakikishe yanafunguka huku Wi-Fi imezimwa. Kujumlisha na kulinganisha hakuhitaji mnara, na porini ndiko utakakokuwa na utulivu wa kazi hiyo.

Behewa ni chuma, na chuma hukinga mawimbi. Simu ikae juu, karibu na kioo, si chini ya mto. Treni ikipunguza mwendo kuingia stesheni, funga dirisha kwanza ndipo utume. Wanaonyakua simu madirishani ni wepesi kuliko unavyodhani. Na kama mtandao umeonekana lakini haufungui kitu, weka simu hali ya ndegeni kwa sekunde kumi kisha uirudishe, ijisajili upya kwenye mnara ulio karibu.

Kuna watakaokushauri upande SGR ya umeme hadi Dodoma. Tangu 2024 inakwenda, na inafika kilomita 160 kwa saa, lakini ina mahandaki upande wa Kilosa, na baada ya Dodoma utarudi kwenye reli hii hii.

Kuhusu chaji, usitegemee soketi ya behewani. Pawabenki ya mAh 20,000 inajaza kompyuta ndogo kama mara moja tu, tena iwe kompyuta inayochajiwa kwa USB-C. Mimi ningeiacha yote iwe ya simu, na nitakuambia sababu. Mwaka ambao baba yangu alilazwa Kigoma nilipanda treni hii na simu iliyojaa. Baada ya Itigi nikalala nimeiacha wazi, ikahangaika kutafuta mtandao usiku kucha mpaka ikazima. Kaka yangu alinipigia, akapiga tena, hanipati. Habari nilizipata Tabora asubuhi, kwa simu niliyoazima kwa mwenzangu wa behewani, na baba alikuwa ameshafariki tangu usiku.

Kwa hiyo ukifika Manyoni, mtumie anayemuuguza mama ujumbe mfupi wa kawaida. Huo hupita hata pale intaneti inapokataa. Mwambie utapotea hewani mpaka Tabora, na umpe namba ya mwenzako wa behewani mwenye laini ya kampuni nyingine. Kisha weka simu hali ya ndegeni, ufungue hesabu zako. Tabora treni hukaa muda, mabehewa ya Mwanza yanatenganishwa na ya Kigoma. Hapo piga simu kwa mama kwanza, halafu ndipo utume risiti za tajiri.