Re: Mguu bado una ganzi wiki ya tatu baada ya upasuaji wa diski ya mgongo

Pole sana dada, na mpe baba pole. Umesema maumivu ya mguu wake yameisha lakini unyayo una ganzi na kidole gumba hakinyanyuki vizuri. Hiyo hutokea sana. Diski (ule mto kati ya pingili za mgongo) ikishaacha kubana mshipa wa fahamu, maumivu hutangulia kuondoka. Ganzi na udhaifu hufuata polepole, pengine miezi. Ila mwangalie: nguvu ya kidole isipungue. Ikipungua, mrudisheni kwa daktari haraka.

Kutembea ndiyo dawa kubwa. Aanze uani, kisha barabara tambarare, mara nyingi kwa muda mfupi. Huku Moshi miteremko ya kwenda migombani isubiri. Kukaa kwenye kochi laini kutwa nzima kunamuumiza kuliko kutembea.

Kuamka kitandani mfundisheni hivi: ageuke ubavu mwili mzima kwa pamoja, magoti yamekunjwa, ashushe miguu, ndipo asukume godoro kwa mikono hadi akae. Asijinyanyue akiwa chali.

Ndoo ya maji, mkungu wa ndizi na bodaboda aviache hadi daktari aruhusu. Mazoezi ya tumbo na mgongo ayapate kwa mtaalamu wa fiziotherapia, hospitali ya KCMC wapo.

Akishindwa kukojoa, akijikojolea au kujisaidia bila kujua, au akipata ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, msingoje kliniki, nendeni hospitali usiku huohuo. Vilevile homa au kidonda kutoa usaha.