Huzuni ya Preludi ya Chopin haitokani na kuburuta

Niliombwa kupiga piano kwenye ibada ya kumuaga shangazi. Nikachagua Preludi (kipande kifupi cha piano) ya mtunzi Chopin ya ufunguo wa E maina, Opasi (namba ya chapisho) 28 namba 4. Ni fupi, vipimo 25 tu, na vidole havihangaiki. Juu imeandikwa Largo, neno la kuonyesha mwendo wa polepole. Nikajiambia: huu ni msiba, na hii ni Largo, basi nitakwenda taratibu kadiri ya uwezo wangu. Binamu yangu alirekodi kwa simu. Niliposikiliza usiku ule niliumia. Dakika tatu na nusu, na wimbo haupo. Zipo noti mojamoja zilizotengana.

Kosa lilikuwa kwenye noti ya B. Mkono wa kulia unashika B ndefu, unagusa C, unarudi B. Wanakwaya mnaosoma do-re-mi, Do ni G, kwa hiyo hapo ni mi, fa, mi. Kilio chote kimo humo. Ila sauti ya piano huanza kufifia mara tu nyundo inapogonga waya. Huwezi kuivuta kama mwimbaji anavyovuta pumzi. Ukichelewa mno, B inakuwa imeshazimika kabla C haijafika, na kilio kinakatika.

Tazama tena mwanzoni mwa mstari. Chopin aliweka alama (siyo noti) ya C iliyokatwa kwa mstari wima: hesabu mapigo mawili kwa kipimo, siyo manne. Na Largo kwa Kiitaliano ni upana. Siku hizi naweka metronomu ya simu kwenye 30, kila mlio ni nusu noti, yaani pigo moja kati ya yale mawili, na kipande chote kinakwisha kwa dakika mbili hivi. Jaribu hivyo wiki nzima kabla hujaanza kuchezea kasi.

Kuhusu ufunguo, yaani ngazi ya noti ambayo kipande kimejengwa juu yake, msidhani E maina yenyewe inatosha kumliza mtu. Preludi hizi, zilizochapishwa 1839, ni 24, moja kwa kila ufunguo wa meja na maina, na za maina si zote za majonzi. Hii tumeizoea kama ya msiba, labda kwa kuwa ilipigwa kwa ogani kwenye mazishi ya Chopin mwenyewe, Paris, Oktoba 1849. Huzuni yake inafanywa na mkono wa kushoto. Unarudia noti tatu kwa pamoja, G, B na E, kisha zinaanza kuteremka, mara nyingi kidole kimoja tu kikishuka nusu toni (hatua ndogo kuliko zote kwenye piano) huku vingine vikibaki pale pale. Fanya zoezi hili: acha kabisa mkono wa kulia, piga wa kushoto peke yake kwa sauti ndogo, na kila kidole kinaposhuka, kitamke: "hiki." Pedali, ile ya mguuni inayoshikilia sauti, ibadilishe hapo hapo, la sivyo nusu toni zinachafuana.

Kipimo cha 16 na 17 Chopin anakaza mwendo na sauti inapanda. Mkaze naye, msiogope, hata kanisani.

Halafu inakuja ile nafasi ya kimya karibu na mwisho. Mimi niliiruka kwa woga, watu wote wakinitazama. Toa mikono kwenye vitufe, vuta pumzi moja kamili, ndipo upige yale makundi matatu ya noti ya mwisho kwa sauti ya chini kabisa.